Nafasi ya Nsimire

Habari ya kuhesabu watoto ilipanda Cimpunda pamoja na wanaume wa zamu ya asubuhi, na kama habari zote zinazotoka kwa wakubwa, iliwafikia akina mama ikiwa imeshaharibika njiani. Wengine walisema Kiwanda cha Sabuni kitafunga dispensari yake. Wengine walisema maharagwe ya mwezi yatakatwa nusu. Mke wa fundi mmoja alilia barabarani kwa sababu aliambiwa watoto wa ziada watarudishwa kijijini kwa nguvu, utadhani wenye Kiwanda hawana kazi nyingine. Madeleine alisikia yote hayo akiwa kwenye foleni ya bomba. Alijaza ndoo yake, akaenda nyumbani kumsubiri mumewe amweleze sawasawa.

Lucien aliingia akinuka mawese na soda kali, akaketi bila kuvua viatu. Madeleine alimjua mtu wake. Akikaa na viatu miguuni, ujue alilonalo halimezeki.

“Watoto tano,” Lucien alisema.

“Tano ya nini?”

“Société italipia watoto tano tu. Wa kwanza mupaka wa tano, vile walizaliwa. Wengine, kila mutu na wake. Dispensari, maharagwe, feza ya minerval ya masomo, vyote. Na Jumamosi watoto wote wafike kule chini ku cour, uwanja ya Kiwanda, waonekane kwa macho. Ule hataonekana, wanamufuta.”

“Na salongo ya Jumamosi?”

“Wamesamehe salongo. Hiyo Jumamosi hakuna kazi ya lazima ya kufagia barabara. Ona vile jambo iko nguvu.”

Madeleine hakucheka. Nyumba ile ilikuwa na watoto sita. Wa kwanza alikuwa Colombe, msichana mkubwa sasa, kisha wavulana wanne waliofuatana kama ngazi, na wa mwisho Valérie, mwenye miaka saba na kifua kibovu. Hesabu hiyo haikuhitaji mwalimu. Hata kabla mumewe hajainama kufungua kamba za viatu, alikuwa ameshafika mwisho wa orodha na kumkuta mtoto wake mgonjwa amesimama nje.

Pumu ya Valérie ilikuwa na majira yake. Mvua za kwanza zikigusa vumbi la kiangazi, kifua kilianza kupiga filimbi, mabega yakapanda, midomo ikabadilika rangi. Dispensari ya Kiwanda ilikuwa na sindano ya kumfungua, na kwa mtoto wa mfanyakazi sindano hiyo ilikuwa bure. Mwaka uliopita alishikwa siku ya Jumapili, dispensari imefungwa. Walimkimbiza kwenye hospitali moja ya mjini, wakaambiwa waende kwanza kununua sindano, pamba na dawa, ndipo mtoto aguswe. Siku ile radio ya Lucien ilikwenda kwa bei ya kutupa. Safari hii hakukuwa na radio.

“Mvua iko mulangoni,” Madeleine alisema.

“Najua.”

*

Kesho yake alivaa kikwembe chake cha misa, akashuka mpaka ofisi ya mambo ya wafanyakazi, kando ya ziwa. Alikaa kwenye benchi na wanawake wengine waliovaa vikwembe vyao vya misa. Hakuna aliyemsalimu mwenzake kwa sauti. Kila mmoja alikuwa amekuja kuomba apitishwe yeye, na ni vigumu kumchangamkia mtu mnayegombania naye mlango mmoja.

Mkuu wa ofisi alikuwa Mushagalusa, mtu mwembamba ambaye koti lake la abakosti lilikuwa limeanza kung'aa viwikoni. Hakuwa mkali. Alimwacha Madeleine amalize yote, kifua cha mtoto, mvua, radio, kisha akafuta miwani kwa kitambaa.

“Citoyenne, hii mambo mimi sikuiandika. Mimi nasoma tu.”

“Najua, Papa. Lakini mutu anayesoma anaweza kusoma polepole.”

Mushagalusa alitaka kutabasamu akaahirisha. Alifungua jalada la Lucien, akaangalia, akaangalia tena.

“Huyu wa kwanza. Colombe.”

“Ndiyo.”

“Alizaliwa mbele ya ndoa yenu.”

Madeleine alishika ncha ya kikwembe chake. Colombe alikuwa wa Jean-Marie, kaka mkubwa wa Lucien, aliyekufa lori lilipopinduka njia ya Kalehe. Mama yake aliolewa kwingine, mtoto akabaki. Aliletwa Bukavu hata kutembea bado, na Madeleine, bibi arusi wa juzi, akampokea mgongoni kabla hajajua uzito wa mtoto wake mwenyewe. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mama Colombe. Lucien alimwandikisha kazini kama mtoto wake, na hakufikiri kwamba amedanganya mtu. Kwao mtoto wa kaka ni mtoto.

“Mimi siulize maneno mingi,” Mushagalusa alisema kwa upole. “Kama ni nièce, mutoto ya ndugu, bwana yako akuje aseme ni nièce, anatia saini. Tunamutosha ku orodha, na huyu wako wa mwisho anaingia kwa nafasi yake. Ni dakika moja tu.”

Madeleine alishukuru, akatoka. Njia nzima ya kupanda alikuwa akijiambia kwamba ni karatasi tu, kwamba Colombe haumwi, kwamba maharagwe yatapikwa chungu kimoja kama siku zote. Alipofika alimkuta Colombe mbele ya nyumba akiosha sambaza kwenye beseni, amejifunga kanga kiunoni, akiimba kwa pua. Madeleine alimtazama, na kwa kitambo kidogo alimwona kama mgeni aliyekalia kiti cha mtu mwingine. Akaona haya mpaka masikio yakamwaka. Msichana aliinua uso, akamuuliza kama amechoka, akaenda kumletea maji ya kunywa.

Jioni alimweleza mumewe. Alianza mbali, akazunguka, mwisho ikabidi aseme.

Lucien aliweka tonge lake la bugali chini. “Niende niseme Colombe haiko mutoto yangu.”

“Ni karatasi, Papa Colombe.”

“Karatasi ya nani? Baba yake alikufa. Mama yake alimuacha. Sasa na mimi nimuache mbele ya Mushagalusa, nitie na saini?”

“Na Valérie akishikwa?”

“Mungu atasaidia.”

“Mungu alisaidia mwaka jana. Alitusaidia kuuza radio.”

“Usiseme vile.”

“Niseme namna gani? Unifundishe, niseme vizuri.”

Colombe alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, mikono bado ina magamba ya samaki. Nyumba za Cimpunda hazina mahali pa kuficha neno.

“Papa, uwaambie tu,” alisema. “Mimi sigonjwaka.”

Aliyasema kama mtu anayejitolea kwenda kuchota maji, na hilo ndilo lililowamaliza. Lucien alinyanyuka, akatoka bila kunawa. Madeleine alibaki na hasira, na uchungu wake ulikuwa huu, kwamba mumewe alikuwa na haki. Angekubali kwenda kusaini, labda Madeleine angemdharau. Lakini dharau hiyo angeishi nayo, na Valérie angekuwa mzima.

*

Nyumba ya tatu kutoka kwao, ukishuka, alikaa Delphine, mke wa Aloys wa mashine za kukata sabuni. Wanawake hawa wawili walikuwa wamezaa pamoja, wamekopeshana chumvi na makaa, wamegombana na kupatana mara zisizo na idadi. Zamani Delphine aliitwa Mama Nsimire. Halafu kwenye likizo ya Pasaka, Nsimire, binti yake wa kwanza, alikwenda kwa bibi yake, kijiji cha Mudaka, akashikwa na surua, wakamzika hukohuko. Madeleine alikuwepo. Walipanda pamoja nyuma ya gari la kabichi, na walirudi nalo pia. Tangu siku hiyo mtaa haukujua umwite nani. Hawakuweza kumwita jina lile, na kumwita kwa jina la mtoto mwingine kulionekana kama kumnyang'anya. Wakabaki na Delphine tupu.

Aloys hakuwahi kuripoti kifo kile kazini. Mwanzoni alisema atakwenda kesho. Kesho ikawa mwisho wa mwezi, maharagwe ya mtoto yakatoka, akayapokea kwa kunyamaza, na mtu akishanyamaza mara ya kwanza, ya pili haina kazi. Delphine hakuyapika. Aliyamimina kwenye gunia kwenye kona ya chumba, na kila mwezi gunia lilizidi kunenepa. Wote wa njia ile walijua, na hakuna aliyekwenda kusema.

Madeleine alimkuta Delphine akichambua sombe, majani ya muhogo. Aliketi, akavuta lundo la majani upande wake, akaanza kuchambua naye. Walizungumza juu ya bei ya chumvi, wakazungumza juu ya padri mpya. Lundo lilipungua.

“Jumamosi mutashuka na nani?” Madeleine aliuliza.

“Na wale wawili.”

“Na Aloys atasema nini juu ya…”

“Atasema iko Mudaka.” Delphine alikata shina kwa ukucha. “Haiko uongo. Iko Mudaka.”

“Wanasema ule hataonekana, wanamufuta.”

“Wamufute basi. Alishaka kufutwa.”

Madeleine alijua kwamba hapo ndipo mtu mwenye adabu anapobadilisha mazungumzo. Alijua pia kwamba juu ya milima ya Kabare mawingu yalikuwa yanaanza kukaa.

“Valérie hana nafasi,” alisema.

Mikono ya Delphine ilisimama. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alikuwa na nafasi bila mtoto, na mwenzake alikuwa na mtoto bila nafasi, na jambo hilo lilikuwa limekaa kati yao tangu habari ilipopanda, likingoja nani atakayekosa aibu kwanza.

“Lucien anajua?”

“Hapana.”

“Ulifikiri hii jambo lini, Mama Colombe? Leo? Ao kulekule Mudaka, tukiwa tunatupa udongo?”

Madeleine hakukasirika hata kidogo, maana yeye mwenyewe alikuwa amejiuliza. Aliweka majani chini, akakung'uta kikwembe, akainuka.

“Keti,” Delphine alisema. “Sombe haijaisha.”

Aliketi. Walichambua mpaka jani la mwisho. Kisha Delphine akasema, akiangalia kinu, si mtu:

“Alale hapa Ijumaa. Mutoto anayetoka kwangu kwenda kuhesabiwa, amelala kwangu, amekula kwangu. Mimi ndiye namusuka. Na iko robe, gauni ya ule wa Mudaka. Hakuna mutu aliivaa.”

*

Wazee wa Cimpunda wangali wanaikumbuka Jumamosi ile, na wakiikumbuka hucheka, kwa sababu imepita. Wafanyakazi walijipanga uani pamoja na wake na watoto waliooga mpaka wakang'aa. Siku ile watoto wengi walibadilisha wazazi. Kulikuwa na mvulana aliyekopwa kutoka mtaa wa Panzi ambaye alisahau jina alilopewa, akaomba mbele ya wakubwa akumbushwe. Kulikuwa na mapacha wasiofanana hata vidole. Lakini Kiwanda nacho hakikulala. Nyuma ya meza alikaa muuguzi na chupa ya dawa ya zambarau, ile ya kupaka vidonda vya mdomo, na kila mtoto aliyehesabiwa alichovywa kidole gumba. Kidole kikishakuwa zambarau, huwezi kwenda kuwa mtoto wa mtu mwingine.

Madeleine alisimama na Lucien na watoto watano. Colombe aliitwa, akaitika, akachovywa, akarudi akikipuliza kidole chake. Lucien alimwekea mkono begani na kuuacha hapo. Alikuwa ameambiwa kwamba Valérie amelala kwa Delphine kwa sababu ya michezo ya watoto, na akaamini, kwa kuwa mwanamume aliyechoka huamini kinachompunguzia maswali. Sasa akaona. Kwenye mstari wa Aloys, katikati ya watoto wawili wa Delphine, alisimama binti yake katika gauni la rangi ya majani, amesukwa nywele kwa namna isiyo ya mama yake.

Lucien aligeuka kumtazama mkewe. Madeleine aliangalia mbele.

“Nsimire,” karani alisoma.

Delphine alishtuka kidogo, kama mtu aliyeguswa mgongoni. Hakuna aliyekuwa amelitamka jina lile kwa sauti tangu Pasaka. Valérie akapiga hatua mbele. Alimfahamu Nsimire, walikuwa wamecheza kamba pamoja, na tangu Ijumaa alikuwa amefanya yote aliyoambiwa bila kuuliza, jambo lisilo la kawaida yake.

Mushagalusa alivua miwani. “Wewe ndiye Nsimire?”

“Ndiyo, Papa.”

“Mama yako iko wapi?”

Mtoto aligeuza kichwa. Macho yake yalitafuta kwenye umati mpaka yakamkuta Madeleine, yakakaa hapo. Kila kitu ndani ya Madeleine kilitaka kujibu yale macho. Akageuza uso, akaanza kumfunga kifungo cha shati mvulana wake mdogo, kifungo ambacho kilikuwa kimefungwa.

Alipothubutu kuangalia tena, Valérie alikuwa ameshika mkono wa Delphine.

Mushagalusa alimtazama mtoto, akamtazama Delphine, kisha macho yake yakapita polepole mpaka mstari wa Lucien na kurudi. Bila shaka alielewa. Hakuwa mjinga, na wanawake wa vikwembe vya misa walikuwa wamemaliza wiki nzima kwenye benchi lake. Alivaa miwani yake.

“Muchovye,” alimwambia muuguzi.

Walipopanda kurudi, Lucien alitembea mbele, Madeleine nyuma. Karibu na nyumba alimsubiri.

“Mimi nilikataa kuuza mutoto ya ndugu yangu,” alisema. “Wewe umeuza yako.”

“Nimemutafutia sindano.”

“Umemupa jina ya mutoto mwenye kufa. Na likimukamata?”

“Likimukamata, atakuwa na dispensari ya kumupeleka.”

Hawakusemezana mpaka Jumatatu. Delphine naye alikuja jioni ya Jumamosi hiyohiyo na gunia mgongoni, akalitua mlangoni pao bila kuingia. Yalikuwa maharagwe ya Nsimire, yote tangu Pasaka. Yalikuwa yameanza kuliwa na wadudu, ikabidi Colombe ayachague moja moja.

*

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana, ikiwa na upepo, vumbi likainuka kabla ya kulowa. Kabla ya saa ya kupika, Valérie alikuwa ameketi sakafuni ameshika magoti, akivuta hewa kama anayevuta kamba nzito kisimani. Lucien alikuwa amerudi kutoka kazini muda si mrefu. Alimwangalia mtoto mara moja tu. Yeye aliyekuwa hamsalimu Delphine tangu siku ya kuhesabiwa, alitoka mbio kwenye matope kwenda kumwita.

“Kuya,” walimsikia akisema kule chini. “Tafadhali, kuya. Wewe tu ndiye wanakujua.”

Delphine alikuja na kikwembe mkononi. Alimfunga mtoto mgongoni, akatangulia. Madeleine alimfuata na sufuria ya uji. Waliteremka kwa miguu wakiteleza, na sauti ya kifua kile iliwatangulia wote.

Kwenye lango la dispensari sentineli aliangalia kitabu chake. Tangu siku ya kuhesabiwa, mgonjwa aliingia na mzazi mmoja tu, yule aliyeandikwa.

“Mugonjwa ni nani?”

“Nsimire, wa Aloys,” Delphine alisema.

“Wewe ndiye mama?”

“Ni mimi.”

“Pita.” Kisha akanyoosha mkono mbele ya Madeleine. “Na wewe? Uko nani wake?”

Madeleine alimwona mtoto wake akipita mlango, kichwa kimelala kwenye mgongo wa mtu mwingine, mkono mmoja umening'inia. Zambarau ya kidole ilikuwa imefifia, imebaki kwenye ukingo wa ukucha.

“Jirani,” alisema.

“Basi ungoje pale ku ukuta. Majirani wa Cimpunda muko na roho muzuri.”

Alizunguka ukuta mpaka chini ya dirisha la chumba cha watoto. Dirisha lilikuwa juu, hakuona kitu, lakini vioo viwili vilikuwa vimevunjika na sauti zilipita. Alisikia vyombo vya chuma. Alisikia muuguzi akimwomba mtu amshike mtoto vizuri. Mvua ilikuwa inamwingia shingoni, naye akifunika uji kwa kiganja.

Halafu akamsikia Valérie. Alikuwa akiita, kati ya pumzi na pumzi, kwa sauti iliyokatikakatika.

“Mama. Mama.”

Madeleine aliubana mdomo wake kwa ncha ya kikwembe. Alikuwa amefikiria karatasi, amefikiria maharagwe, amefikiria hata kugunduliwa. Hili hakulifikiria. Mwili wake wote ulikuwa umeshafungua mdomo kujibu, na ilimbidi auzuie kama unavyomzuia ng'ombe mlangoni.

“Niko hapa,” Delphine alijibu ndani. “Mama iko hapa. Niko hapa.”

Alilirudia mara nyingi mno kuliko ilivyohitajika kumdanganya muuguzi. Sauti yake ilivunjika katikati, akaendelea nayo hivyohivyo. Na mtoto, kwa sababu hakuwa na hewa ya kubishana, akanyamaza, na filimbi ya kifua ikaanza kushuka kidogo kidogo.

Wauguzi waliwalaza Valérie na Delphine hukohuko. Madeleine aliurudisha uji nyumbani, akaupasha moto, akaushusha tena asubuhi, na sentineli akaupitisha akimsifu kwa ujirani wake. Lucien hakula. Aliketi na viatu miguuni. Colombe ndiye aliyewalisha wavulana, akafagia, na kwa kuwa hakujua afanye nini tena, akaosha sufuria zilizokuwa safi.

Siku ya kuruhusiwa, Madeleine alisimama langoni pamoja na wengine wanaosubiri watu wao. Muuguzi alitoka na karatasi ya vidonge, akaita kwa sauti ya kazi:

“Mama Nsimire.”

Ndani hakukuwa na jibu. Wanawake wa Cimpunda waliokuwa langoni walitazama chini, wote kwa pamoja.

“Mama Nsimire iko wapi?”

“Karibu,” Delphine aliitika, akitokea na mtoto mgongoni. “Ni mimi.”

Alipokea vidonge kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekesha, lakini kulikuwa na kitu kingine, na Madeleine alikitambua mara moja kwa sababu alikuwa amekiona hapo zamani, wakati nyumba ya Delphine ilikuwa bado na watoto watatu. Alipatwa na wivu mkali, akauona wazi kwamba ni wivu, akaumeza.

Walianza kupanda. Barabara ilikuwa imejaa watu wa Kiwanda, kwa hiyo Madeleine alitembea nyuma na sufuria tupu, kama jirani. Valérie alikuwa macho. Alimtazama mama yake juu ya bega la Delphine, akatoa mkono, na Madeleine akaugusa haraka, akauachia. Walipopita kona ambapo mtu wa chini hakuoni tena, alisubiri Delphine asimame. Delphine hakusimama. Alikuwa akitembea polepole, ameinama kidogo mbele, mikono miwili nyuma chini ya mtoto, akipanda kilima kile kirefu kama mtu asiyetaka kiishe.

Walifika mahali kichochoro cha kwa Delphine kinapoachana na njia inayoendelea kupanda kwa Madeleine. Hapo akasimama. Hakugeuka. Alianza kufungua fundo la kikwembe kifuani, na fundo lilikuwa limelowa, vidole vyake havikuliweza.

Madeleine alikaribia kumsaidia. Mikono yake ilikuwa tayari kumpokea mtoto wake, ilikuwa inauma kwa kumtaka. Alishika fundo lile, akahisi chini yake moyo wa mwenzake unavyopiga. Badala ya kulifungua, akalikaza.

“Umufikishe kwako kwanza, Mama Nsimire,” alisema. “Umupe uji. Nitakuja kumuchukua jioni.”

Delphine alitikisa kichwa kukubali, akashika njia ya kwake. Madeleine alisimama pale na sufuria mpaka walipoingia ndani, kisha akaenda kumwambia Lucien avue viatu.